Kinyumenyume Kutoka Korongoni

Zilikuwa zimebaki kama hatua ishirini kufika juu ya ukingo pale injini ilipokohoa. Ikakohoa tena, ikavuta kidogo kama mtu anayemeza kidonge bila maji, halafu ikanyamaza. Pikapu ikasita, kisha ikaanza kurudi nyuma. Mshonaji alikanyaga breki kwa nguvu zake zote, lakini mchanga wenyewe ulikuwa unakwenda pamoja na matairi. Gari likateleza hadi chini, likatua katikati ya korongo kavu, pua ikiutazama mpando uliolishinda.

"Kuna nini, mwanangu?" mzee akauliza.

"Imezima, Baba. Naiwasha sasa hivi."

Akazungusha ufunguo. Starta ikalia, injini haikuitika. Akazungusha tena, akashikilia. Mshale wa mafuta ulikuwa umelala chini kabisa, na kitaa chekundu kilichokuwa kimewaka tangu saa tano kilikuwa bado kinamtazama. Siku zote alikuwa akijigamba kwa mumewe kwamba taa ikiwaka bado kuna kilomita hamsini, na kwamba mafuta ya mwisho ni mafuta kama mengine. Miaka mitatu gari lake lilikuwa likitembea hivyo hivyo, kwa vikombe, akaona ndiyo desturi yake.

Kazi yake ilikuwa kushona maturubai ya malori. Nyuma ya pikapu mlikuwa na turubai moja zito, kamba, sindano ndefu za kushonea, na dumu la lita tano la dizeli ya jenereta inayoendesha cherehani yake. Safari hii hakutumwa na kazi. Alikwenda mjini kumchukua baba mkwe wake hospitali, siku tatu baada ya kutolewa mtoto wa jicho. Jicho la kulia la mzee lilikuwa limefungwa bandeji nyeupe. La kushoto lilikuwa bado linasubiri zamu yake, nalo liliona mwanga na kivuli tu. Kwa hiyo mzee huyu, aliyeendesha malori miaka thelathini na nne, alikuwa amekaa kwenye kiti cha abiria kama mzigo, mikono juu ya magoti, akiamini anachoambiwa.

Na alikuwa ameuliza. Asubuhi, walipopita kituo cha mafuta chenye foleni ndefu, aliuliza, "Mafuta vipi, mwanangu?" Akajibiwa, "Yapo, Baba." Saa tano tufani ya vumbi ilipofunika barabara kuu na kuwalazimisha kushika njia ya zamani inayozunguka nyikani, akauliza tena. Akajibiwa vile vile. Taa ilipowaka, Mshonaji alilikumbuka dumu. Angeweza kusimama akalimimina. Lakini kusimama ni kukiri, na mkwe anaona haya kuumbuka mbele ya baba wa mumewe. Akaendelea.

Sasa akashuka, akalichukua dumu, akamimina dizeli yote kwenye tangi. Lita tano zikashuka zikibubujika. Akarudi kwenye usukani moyo ukiwa umetulia kidogo.

Starta ikalia. Injini kimya.

Akarudia mara nne. Mara ya tano starta ililia kwa uvivu, kama ng'ombe mgonjwa.

"Acha!" mzee akasema. Hakuwahi kumpandishia sauti tangu aolewe. "Utaua betri. Umemimina nini huko nyuma?"

"Dizeli ya jenereta, Baba."

"Ina maana tangi lilikuwa limekauka."

Mzee hakungoja jibu.

"Sikiliza. Injini ya dizeli ikifika chini ya tangi, inavuta uchafu uliokaa huko miaka yote, halafu inavuta hewa. Hewa ikiingia kwenye bomba, hata ukijaza tangi mpaka shingoni haiwaki. Lazima tuitoe. Fungua boneti, uniongoze nifike."

Mshonaji akafungua boneti, akamshika mkono. Ilikuwa mara ya kwanza kumshika mkono kwa zaidi ya salamu. Kiganja cha mzee kilikuwa kikavu na kigumu kama gome. Akakiweka kwenye ukingo wa boneti, na vile vidole vikaanza kutembea vyenyewe juu ya vyuma, vikipapasa, vikisimama, vikiendelea, mpaka vikalikuta chujio la mafuta.

"Hili hapa. Chini yake kuna koki ndogo. Ilegeze, mwaga kilichomo."

Akalegeza. Kikatoka kitu cheusi kizito, chenye chembe za kutu na matone ya maji, kikamwagika mchangani kama mashapo ya kahawa.

"Kikoje?"

"Kama tope, Baba."

"Ndiyo hayo mafuta yako ya mwisho," mzee akasema bila hasira. "Funga. Sasa juu ya chujio kuna kidude cha kubonyeza kwa mkono. Hicho nitabonyeza mimi. Kando yake kuna skrubu. Wewe ilegeze, uniambie unachoona."

Mzee akaanza kubonyeza. Kwenye skrubu ikatoka pumzi tupu, halafu mapovu meupe yenye harufu ya dizeli. Jua lilikuwa utosini. Bati la gari lilichoma kila lilipogusa ngozi. Mshonaji alikuwa ameinama juu ya injini, spana mkononi, akihesabu mapovu, mzee alipoacha kubonyeza.

"Nyamaza," akasema.

"Sijasema kitu, Baba."

"Husikii?"

Hakusikia kitu. Juu yao mbingu ilikuwa ya buluu, safi, bila hata wingu la dawa. Lakini alipogeuka kuutazama upande korongo linakotokea, aliiona milima ya mbali imepotea. Palikuwa na giza zito kama moshi wa tanuru, na ndani yake umeme ulikuwa ukichezacheza bila sauti.

"Kule milimani kumefunga, Baba. Mvua."

"Tangu lini?"

"Sijui. Sikutazama."

Mzee akainua uso, akanusa. Hapo Mshonaji naye akainasa harufu yenyewe, udongo uliolowa, ikija na kiupepo cha baridi kupitia korongo lote. Kila mtu wa nyika anajua korongo kavu ni nini: ni njia ya maji ambayo mwenyewe amesafiri.

"Tupande, Baba! Tuache gari!"

"Ukingo una urefu gani?"

Akautazama. Kushoto na kulia kuta za udongo zilisimama wima, zimemong'onyoka, urefu wa watu watatu. Njia ya kupanda ilikuwa mbili tu: mpando wa mbele uliowashinda, na ule wa nyuma walioteremkia, mrefu na wa mchanga laini unaozamisha miguu mpaka kwenye vifundo. Yeye peke yake angeupanda akikimbia. Lakini huyu mzee, mwenye kovu bichi kwenye jicho, asiyeona anapokanyaga?

"Nenda wewe," mzee akasema, kama aliyekuwa akisoma fikra zake. "Mimi nitakufuata kwa sauti yako."

"Siendi."

"Mwanangu..."

"Siendi, Baba! Bonyeza!"

Akabonyeza. Sasa Mshonaji naye akaisikia ile sauti. Haikuwa sauti ya maji. Ilikuwa kama magunia ya mawe yanaburutwa mbali sana, sauti inayoingia kwanza kwenye nyayo kabla ya kufika masikioni. Spana ikamponyoka, ikaanguka katikati ya vyuma, ikakwama pasipofikika. Akalia kwa sauti, kilio kifupi cha mtoto. Akaingiza mkono, akachubuka mpaka kwenye kiwiko, akaivuta kwa ncha za vidole viwili.

"Mapovu bado?"

"Bado. Yanapungua. Bado, Baba. Sasa... sasa yanatoka mafuta matupu!"

"Kaza! Kaza huku nabonyeza, usiache hewa irudi. Imekaza? Nipeleke kwenye kiti."

Ulimi wa kwanza wa maji uliwafikia wakati anamfungia mzee mlango. Ulikuja bila haraka, mwembamba, wa kahawia, umebeba povu, majani makavu na mavi ya mbuzi, ukazunguka matairi kama mbwa anayenusa wageni. Mshonaji akaruka kwenye kiti. Viatu vyake vilikuwa vimelowa. Akashika ufunguo.

"Ngoja," mzee akasema. "Betri ina pumzi moja, labda mbili. Ikiwaka usiende mbele. Mafuta ni kidogo. Ukipanda mbele yanakimbilia nyuma ya tangi, bomba linanyonya hewa, na itazima pale pale ilipozima. Panda kinyumenyume, huko tulikoteremkia. Gari likiinamisha pua, mafuta yanakuja yenyewe kwenye bomba. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Kanyaga klachi. Bismillah."

Starta ikalia, ikajikokota. Mara moja. Mara mbili. Injini ikapiga chafya, ikatetemeka, ikataka kufa, Mshonaji akakanyaga mafuta, ikashika. Moshi mweusi ukafunika kioo cha nyuma. Akaingiza gea ya nyuma na kuachia klachi, matairi yakazunguka pale pale, yakichimba, yakirusha tope.

"Polepole!" mzee akapiga kelele. "Mguu mwepesi! Acha lijitoe lenyewe!"

Akalegeza mguu, kitu kigumu kuliko vyote alivyowahi kufanya, kwa maana mwili wake mzima ulikuwa unataka kukanyaga. Gari likainuka, likayumba, likaanza kurudi nyuma. Shingo yake ilikuwa imegeuka, akichungulia katikati ya moshi, gurudumu moja likipanda ukingo wa njia, lingine likizama. Lilipoufikia mpando, pua ya gari ikainama, na injini badala ya kukohoa ikanguruma sawasawa.

Hapo ndipo kwa bahati mbaya akatupa jicho mbele.

Maji yalikuwa yamefika kwenye kona. Ukuta wa kahawia, juu yake miti mizima ikibingirika na mizizi yake ikipunga hewani, ukatoka kwenye pinda la korongo na kulijaza kutoka ukuta mpaka ukuta. Haukuonekana kukimbia. Ulionekana kukua. Mahali walipokuwa wamesimama muda mfupi uliopita palikuwepo, kisha hapakuwepo tena. Maji yakapanda mpando yakiifuata pua ya gari, yakagonga bampa, taa ya mbele moja ikazama. Mshonaji alipiga ukelele ambao hakujua ni wake, na mzee, ambaye alikuwa hauoni ule ukuta ila kama kivuli kinachozidi, aliweka mkono wake kwenye dashibodi na kusema, "Mguu mwepesi, binti yangu. Mwepesi. Mwepesi," kama anayembembeleza mtoto mchanga.

Wakafika juu. Ardhi ikanyooka chini yao. Mguu wake wa kushoto wenyewe ukateleza kutoka kwenye klachi, gari likaruka, likazima. Alipojaribu kuwasha, betri ilitoa sauti ya kubofya tu: tik. Tik.

Hakujaribu tena. Alifungua mlango akatapika.

Mto uliunguruma mbele yao mchana kutwa. Walikuwa upande waliotoka, gari limekufa, barabara kuu iko ng'ambo, na njia ya nyuma ni kilomita sitini za nyika bila kijiji wala kisima. Simu haikuwa na mtandao. Walikuwa na chupa moja na nusu ya maji, maembe manne na mkate.

Mshonaji alitaka waanze kutembea, jua likipoa.

"Kwenda wapi?" mzee akauliza. "Gari linaonekana kwa mbali. Mtu haonekani. Tunakaa."

Mshonaji akafunga turubai kutoka kwenye gari hadi kwenye vigingi viwili, wakapata kivuli. Maji ya mto yalikuwa mazito kama uji. Akayachota kwa dumu alilolisugua kwa mchanga, lakini yakanuka dizeli, akayamwaga. Akayachota kwa kasha la bati la sindano, akayachuja kwa kanga yake iliyokunjwa mara nne, akayaacha yatulie. Ndipo alipoiona bandeji ya mzee. Ilikuwa imelowa tope, na chini yake chozi lenye rangi ya damu lilikuwa linashuka hadi kwenye ndevu.

"Inauma, Baba?"

"Inawasha."

Alijua anadanganya, kwa jinsi alivyokaza taya. Daktari alikuwa amesema wazi: vumbi lisiingie, maji machafu yasiguse. Mshonaji akachomoa vijiti vikavu vichakani, akakoka moto kwa kiberiti cha garini, akachemsha maji kwenye kasha lile lile mpaka yakatokota, akachana kipande cha bitana safi kutoka kwenye vifaa vyake vya kushonea, ambacho hakijaguswa na mtu. Akapiga magoti mbele ya baba mkwe wake, akasita. Uso wa mkwe hauguswi hivi hivi.

"Nisamehe, Baba."

"Fanya, mwanangu. Jicho halina ukwe."

Akaifungua bandeji. Jicho lilikuwa jekundu kama nyanya. Alilisafisha kwa ncha ya kitambaa, akatia dawa ya matone waliyopewa hospitali, akafunga upya. Na ule uso ukiwa bado mikononi mwake, maneno yakamtoka.

"Nilikudanganya, Baba. Mafuta hayakuwepo. Uliniuliza mara mbili nikakudanganya, kwa sababu huoni."

Mto ulipitisha mti mwingine.

"Nilijua," mzee akasema. "Tangu tuliposhika njia ya zamani ulianza kulibembeleza gari, mteremko unaliachia, mpando unabana mguu. Dereva anayebana hivyo ana sababu yake. Nikasema moyoni, nikimwambia simama, nitamfedhehesha; mtoto wa watu amekuja kunichukua, amelala kwenye benchi la hospitali akinisubiri, leo nimsomeshe kuendesha? Nikanyamaza. Wewe ukanionea haya, mimi nikakuonea haya. Na taa inawaka."

Mshonaji akalia. Mzee hakumkataza.

Hakuna aliyelala vizuri. Alfajiri mto ulikuwa umeshuka kwa kimo cha mtu, lakini bado unakwenda kwa ghadhabu. Mzee alikuwa na homa. Mkono wake, Mshonaji alipoushika, ulikuwa wa moto, na maneno yake yalianza kuchanganyika. Mara mbili alimwita mkwewe kwa jina la dada yake mwenyewe aliyekufa zamani. Hofu ya jana ilikuwa ya haraka, iliyokuja na kishindo. Hii ilikuwa ya polepole, ikamkalia kifuani, na hakukuwa na ufunguo wa kuzungusha.

Akasimama, akalitazama gari. Tangi lilikuwa bado na lita nne hivi, haziwezi kumpeleka popote. Akafungua koki aliyofundishwa, akabonyeza kile kidude kwa mkono, dizeli ikamiminika kwenye dumu. Akafungua tairi la akiba, akalivingirisha hadi kwenye kichuguu, akalitia mafuta, akalijaza matambara ndani, akawasha.

Moshi ukapanda mweusi, mnene, wima, kwa kuwa hapakuwa na upepo. Aliulisha asubuhi nzima, kikombe kwa kikombe. Kila moto ulipopungua alirudi kumpa mzee maji, akarudi tena. Uso wake ulikuwa umepakaa masizi, midomo imepasuka. Saa sita mafuta yalikwisha. Tairi likabaki waya na jivu.

Greda la njano lilitokea ng'ambo saa saba. Lilikuwa la mafundi waliotumwa kuondoa mchanga kwenye barabara kuu, na dereva wake alikuwa ameutazama ule moshi tangu asubuhi akidhani ni mkaa wa mtu, mpaka ulipokatika ghafla ndipo akaingiwa na wasiwasi. Akaingiza lile dude mtoni, maji yakifika kwenye vitovu vya magurudumu, akapanda ukingo.

"Poleni sana, jamani! Liliharibika nini?"

Mzee, amelala chini ya turubai, akainua kidole kwa shida. "Gari bovu tu, kijana. Gari kuukuu..."

"Si bovu," Mshonaji akasema. "Niliendesha bila mafuta. Tusaidie tumbebe, ana homa. Shika miguu, mimi nashika kichwa, jicho lisiguswe."

Katika kibanda kile cha greda kulikuwa na nafasi ya mtu mmoja na nusu. Mzee alilazwa amejikunja, kichwa kwenye mapaja ya mkwewe. Walipoingia majini, Mshonaji aliona povu likizunguka magurudumu. Akafumba macho, akamziba mzee masikio kwa viganja vyake, kama kwamba mzee ndiye anayeogopa. Hakufumbua mpaka walipofika ng'ambo.

Zahanati ya karibu ilikuwa mwendo wa saa tatu mbele. Wakamtundikia mzee dripu, wakamdunga sindano, na jioni mganga akatoka akasema homa imeanza kushuka, na jicho, Mungu akipenda, litapona; aliyelifunga alilifunga vizuri. Mume wa Mshonaji na mama mkwe, waliopigiwa simu kutoka zahanati, walifika wakiwa wamepanda lori la watu, mama mkwe kiatu mguu mmoja.

"Ilikuwaje?" mumewe akauliza. "Ilikuwaje, jamani?"

Mshonaji alikuwa amekaa kwenye benchi la mbao, nguo zimekauka tope. Akaanza kusema, meno yakagongana, akashindwa. Baridi haikuwepo. Mama mkwe aliketi kando yake bila kuuliza kitu, akaivua kanga yake ya mabegani, akamfunika, akaanza kumsugua mgongo.

Kupitia mlango uliokuwa wazi, sauti ya mzee ikatoka kitandani, dhaifu lakini ya kueleweka.

"Mwacheni apumue. Akimaliza kutetemeka atawaambia mwenyewe. Hanifichi kitu huyo."